Stuiva ya Pembe Nne

Hakuna marefu yasiyo na ncha.
Wewe ulikuwa mfupi, hushindi ukucha wa dole gumba,
na bado ukapewa ncha nne,
zikaviringwa kidogo zisichane mfuko wa mtoto.
Usoni tawi la mchungwa,
katika nchi ambayo mchungwa hufa kwa baridi.
Senti tano. Ishirini zenu, gilda moja.

Babu yangu, Harmen Wolterink, alisuka viti mjini Deventer,
chumba cha chini, hatua chache kutoka mto IJssel,
ambako Februari maji hubisha hodi kabla ya wateja.
Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne.
Alijua henzirani kwa harufu,
mteja kwa kiatu,
na fedha kwa kidole cha shahada.

Sarafu za duara, alisema, humwongopea asiyeona.
Senti ya shaba na robo ya gilda
ni kama pacha walioachiwa urithi usiolingana:
upana uleule, sauti ya uongo uleule.
"Lakini stuiva! Hata usingizini ni stuiva.
Na ikianguka haikimbii.
Hukaa palepale, kama mbwa aliyefundwa."

Kisha wakaja wenye buti,
wakaitaka nikeli yenu kwa vita vyao,
wakatuachia zinki: pembe nne, ndiyo,
lakini nyepesi, yenye kupaka vidole majivu.
Babu alisuka kiti ambacho hakuna aliyekiagiza.
Kati ya tabaka mbili za mafunjo
akawalaza kumi na mmoja.
Akakining'inizia kibao: SI CHA KUUZWA.
Ofisa mmoja alikikalia asubuhi nzima
akingoja kiti cha mkewe kishonwe mguu.
Bibi alikunja aproni, akaikunjua, akaikunja.

Majira ya njaa, bibi akataka kukifumua.
Akatembea hadi Gorssel kuulizia viazi,
na mkulima akamwambia fedha hali,
anataka shuka.
Basi mkaokolewa na kutothaminiwa.
Shuka za harusi zikaenda, mbili, na foronya.

Mwaka wa arobaini na nane, dukani kwa mama Tuitert,
babu alipokea chenji, akaigeuza, akairudisha.
"Hii nini?"
"Stuiva, Harmen. Mpya."
"Stuiva gani isiyo na pembe?"
Foleni ikacheka. Naye akacheka, baadaye kidogo.
Tangu siku hiyo alinyoosha kiganja wazi
wauzaji wachague wenyewe.
Sijui kama walimwibia.
Yeye, nadhani, alijua.

Desemba ya mwisho ya gilda
nilibeba kibubu chetu hadi benki,
watu wamepanga mstari na mitungi, soksi, bati za biskuti,
kama tunapeleka maziwa kiwandani.
Kiti kilikuwa kimechanika kiangazi kile;
mlianguka mmoja mmoja sakafuni,
nami nikawachanganya na wengine, kwa haraka, kwa aibu ya haraka.
Mashine ilimeza kila kitu.
Nyinyi ikawatema. Kumi na mmoja, kamili.
Kijana wa kaunta akawasukuma chini ya kioo:
"Hizi zilikufa kabla mimi sijazaliwa, mama.
Labda mkusanyaji atakupa chochote."

Chochote.

Nilitafuta mafunjo, nikajifunza kwa kukosea.
Kiti changu kimepinda upande wa kushoto,
babu angekipapasa na kunyamaza kwa adabu.
Kumi wamo humo tena.
Wewe uko katika mfuko wa koti,
na ninapolipia mkate kwa sarafu hizi mpya
vidole vinakugusa kwanza, vinakuruka.

Jana ulinidondoka kwenye ngazi, taa imezimika.
Zile za duara nilizisikia zikishuka,
ghorofa ya pili, ya kwanza, mlangoni kwa jirani.
Sikupapasa ukuta kutafuta swichi.
Niliinama tu.